Mtu Aliyekuwepo Chumbani

9 Januari

Muhula umeanza. Baba ameniachia meza yake ya kuchongea mawe. Ameisukuma hadi chumbani kwangu, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Haya, kaa hapa uwe nesi," akasema, kana kwamba uuguzi ni chai ya kuchemsha mara moja. Vumbi jeupe bado limo kwenye nyufa. Nimeweka juu yake kompyuta niliyoazimwa na chuo, na sasa mimi ni mwanafunzi.

Nikifaulu mitihani ya Aprili nitaingia darasa la uuguzi linaloanza vuli. Nikifeli, nafasi anapewa mwingine na mimi narudi kupanga makopo dukani. Hali ndiyo hiyo, sina haja ya kuipamba.

12 Januari

Dhoruba. Uwanja wa ndege umefungwa, shule imefungwa. Tumekula samaki wa kugandishwa, tumelala.

16 Januari

Leo tumesoma figo. Mwalimu, ambaye yuko Winnipeg, mji wa mbali kusini, na paka wake hupita nyuma yake kwenye skrini, alionyesha picha akasema ni kiungo kinachopendeza sana ukishakielewa. Nilizima kamera nikaenda kusimama jikoni.

Figo ndizo zilizomwondoa Mama. Huku kwetu Wainuki, kaskazini kwenye barafu, hakuna mashine ya kusafisha damu, kwa hiyo walimpeleka Winnipeg, akakaa kwenye nyumba ya wagonjwa wa mbali mpaka akafa. Miaka yote alikuwa mkalimani wa zahanati yetu. Aliwafasiria wazee maumivu yao mbele ya madaktari wa kuja na kuondoka, halafu yeye akafia mahali ambapo hakuna aliyemfasiria. Ndiyo sababu nautaka uuguzi, na ukiniuliza sababu nyingine sina. Wakati ule nilikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, ndege ikanikataa. Mara ya mwisho nilimwona kwenye simu. Picha iliganda akiwa ametazama pembeni, nikabaki namngoja anigeukie.

Uviluk alizaliwa theluji ya mwaka ule haijayeyuka. Baba alimpokea, akamtazama weee, akamwita kwa jina la Mama, basi ikawa. Tangu siku hiyo mimi namwita mwanangu Mama, yeye ananiita binti yangu, na Baba anamwita mke wangu na kumwekea ulimi wa kulungu kila akichinja. Hakuna anayemfokea. Utamfokeaje mama yako? Hakuna nyumba hapa isiyo na mtoto wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nimekua nikiitwa kaka na bibi mmoja wa kanisani, kwa sababu nina jina la kaka yake aliyezama.

Lakini humu naweza kusema kweli. Mimi namwita Mama kwa mdomo tu. Ninayemtaka ni yule mwingine, aliyenuka sabuni ya zahanati, aliyekuwa akinikuta nasoma anakaa kando yangu na kushona bila kusema neno. Namtaka kwa namna ambayo inanitia aibu, mtu mzima kama mimi.

25 Januari

Jaribio la kwanza mbele ya Jicho.

Chuo kimetuwekea programu ya kutusimamia tunapofanya mitihani nyumbani. Ina jina lake refu, lakini kwenye kundi letu la simu wanafunzi wote wanaiita Jicho. Inafunga kila kitu kwenye kompyuta isipokuwa mtihani. Inawasha kamera na kinasa sauti. Ukitazama pembeni inakuwekea alama nyekundu, ukinong'ona alama nyekundu, ukiinuka alama nyekundu. Kabla ya kuanza unazungusha kompyuta uonyeshe chumba chote, kuta, kitanda, chini ya meza. Leo Jicho limeziona chupi zangu kwenye kamba.

Limeiona pia ngozi ya dubu ya Baba juu ya kitanda. Msimamizi, kijana aliyejitambulisha kama Brayden, ambaye mimi simwoni ila yeye ananiona, akaandika pembeni ya skrini: "Kuna mtu amelala nyuma yako?"

Nikamwambia ni dubu.

Akaandika tena: "Dubu yuko hai?"

Halafu akafungua sauti. "Unanisikia vizuri?" Nikainua nyusi. "Unanisikia?" Nikainua tena. "Mwanafunzi, naomba unijibu." Na nilikuwa nimeshamjibu mara mbili. Kwetu nyusi zikipanda ni ndiyo, hata kitoto cha kunyonya kinajua. Ikabidi niseme kwa sauti, nikajisikia kama nimemkaripia mtu wa watu.

Nimefaulu. Alama nyekundu moja: mwanga hafifu, uso hauonekani. Ni Januari, jua linachungulia na kuondoka. Nimwombe nani aliongeze?

3 Februari

Jaribio la pili. Safari hii nilifunga mlango wa nje. Ufunguo niliutafuta nyumba nzima, maana hakuna aliyekumbuka kama tunao, nikaupata. Hapa mtu hapigi hodi. Anafungua, anavua viatu, anajimiminia chai, ndipo unajua amekuja. Nikiwa katikati ya swali la mishipa nikasikia kitasa kinatikiswa. Mara dirisha langu likagongwa, na uso wa Shangazi Kaluraq, dada mkubwa wa Baba, ukajaa kioo chote.

"Leoni. Nani amekufa?"

Nikijibu, Jicho linasikia. Nisipojibu, Shangazi ataita polisi. Nikamtolea macho.

"Unanitolea macho ya nini? Mlango umeharibika?"

Alama nyekundu mbili: kutazama pembeni, sauti ya mtu mwingine.

Alipoingia baadaye hakunisalimu. Alizungumza na Baba, mimi nimesimama palepale. "Huyu binti yako amenifungia mlango. Mimi. Nimesimama nje kama mtu wa kuuza bima."

"Ni mtihani, Shangazi."

"Mtihani ndio ugonjwa gani wa kufungia watu nje?"

"Wanataka niwe peke yangu chumbani."

"Peke yako?" Akamgeukia Baba. "Kwa nini? Amefanya nini huyu mtoto?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona cha kuchekesha.

5 Februari

Shangazi amepiga simu redio ya kijiji bila kuniuliza. Katikati ya namba za bingo na mtu anayeuza injini ya pikipiki ya theluji, akatangaza kwamba siku za mtihani wa Leoni mtu asiende kwao, na wanaotazama filamu wazizime ili intaneti ipate nguvu, "maana anataka kuwa nesi wetu na Wazungu hawamwamini."

Mchana kutwa watu wamekuja kuuliza kama ni kweli. Wamekunywa chai yote.

14 Februari

Baridi ya kufanya misumari ya nyumba ilie. Hakuna jipya.

19 Februari

Darlene amenipigia simu. Ni Mkree, wa kabila jingine la wenyeji, kutoka kaskazini ya Manitoba, tunasoma naye, hatujawahi kuonana ana kwa ana. Jana alifanya jaribio akiwa na homa. Sheria ni kwamba ukiinuka kitini mtihani umekwisha, kwa hiyo alitapika kwenye ndoo ya taka pale pale, Jicho likimtazama.

"Halafu unajua aliniandikia nini? Tafadhali rudisha uso wako katikati ya picha."

"Ukarudisha?"

"Ningefanyaje? Nikarudisha, na matapishi kidevuni. Nikajibu swali la ini."

Tulicheka sana. Kisha akasema, na kicheko kimemtoka, "Leoni, mimi sijaiba kitu. Mbona nikikaa pale najisikia mwizi?"

Na mimi nimejifunza kukaa bila kujikuna, bila kumtazama kunguru akitua dirishani, bila kusogeza midomo nikisoma neno gumu. Nimepata uso mmoja wa kuvaa kwa ajili ya Jicho, uso wa mtu ambaye hajapata kuwaza kitu. Linanitazama kwa saa nzima na halijui hata kama nimechoka. Mama alikuwa akijua kwa kusikia tu ninavyofunua kurasa. Nimemkumbuka mpaka nimeacha chakula mezani, nikamdanganya Baba kuwa samaki ana chumvi nyingi.

6 Machi

Siku za majaribio Baba anamfunga Uviluk kwenye sleji ya kukokota thelujini na kumpeleka kwa Shangazi. Nilikuwa nikidhani anajifurahisha tu. Kusema kweli nimekuwa na hasira naye muda mrefu, hasira ya chini chini. Sikumwona akilia hata siku ya mazishi. Nilijiambia kwamba amempa mtoto jina, akajifutia huzuni, akarudi kwenye mawe yake, na kuniachia mimi matanga peke yangu.

Leo nilirudi kutoka dukani mapema. Uviluk alikuwa amekaa juu ya kabati la jikoni, Baba amesimama mbele yake, mgongo wake kwangu.

"Mke wangu, kule Winnipeg walikuwa wanakupa chakula gani?"

"Biskuti."

"Biskuti gani?"

"Za chokoleti."

"Nilitaka kuja. Nilifunga na mzigo. Halafu nikaiogopa ile hospitali, nikaufungua." Akamrekebisha soksi. "Umenikasirikia?"

Uviluk akafikiri. "Nataka biskuti."

Akampa pakiti nzima.

Nilitoka nje kimya kimya, nikarudi kwa vishindo, nikapiga viatu ukutani kukung'uta theluji ili wanisikie. Baba akaniuliza kama duka lilikuwa na vitunguu. Nikamwambia havikuwepo. Hasira niliyokuwa nayo nimeitafuta jioni yote sijaiona.

21 Machi

Jua sasa linakaa. Theluji inang'aa mpaka macho yanatoa machozi. Nasoma, nalala, nasoma.

2 Aprili

Uviluk ameanza kunitawala. Leo amenivua miwani, akaniambia, "Binti yangu, lala." Nikamwambia nina kazi. Akaniambia kazi ni mbaya. Sikujua nicheke au vipi.

14 Aprili

Mtihani wa mwisho ulikuwa leo, na nitaandika yote nikiwa bado nayakumbuka.

Tulikubaliana kwamba Baba na Uviluk wataondoka mapema. Tulipoamka hatukuona nyumba ya jirani. Dhoruba ilikuwa imetufunika, upepo unasukuma ukuta, theluji inapita kwa upande. Mtu na mtoto hawatoki kwenye hali ile. Nikaandika chuoni kuomba siku nyingine. Jibu lilikuja upesi kiasi kwamba nadhani hakuna mtu aliyelisoma ombi: dhoruba haimo katika sababu zinazokubalika, maadamu intaneti inafanya kazi. Winnipeg palikuwa na jua.

Baba akamchukua Uviluk jikoni, akampa masufuria yote. "Nitamshikilia," akasema. "Wewe nenda." Nilizungusha kamera, nikaonyesha kuta, kitanda, dubu, chini ya meza. Safari hii hapakuwa na Brayden. Mtihani wa mwisho unarekodiwa tu, na watu huutazama baadaye.

Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha intaneti ikakatika. Ikatokea sentensi moja: Usiondoke kwenye kiti, unganisho linatafutwa. Nikakaa. Upande wa juu kulikuwa na picha yangu ndogo, ile ambayo Jicho hutuonyesha ili tujue tunaonekana. Ilikuwa imeganda, nikiwa nimetazama pembeni.

Niliitazama, na nikamwona yeye. Pembe ile ile ya kichwa. Namna ile ile ya kukaribia kugeuka. Nikawa niko tena kwenye sakafu ya jikoni na tumbo langu kubwa, simu mkononi, nasema haloo, Mama, haloo, unaniona? Machozi yakaanza kutoka na sikuthubutu kuyafuta, maana sikujua kama mkono usoni ni alama nyekundu.

Intaneti iliporudi, muda ulikuwa umeliwa na kilichobaki kilikuwa swali refu kuliko yote. Eleza kazi ya figo, na yanayotokea zinaposhindwa. Sikuziona herufi. Niliweka kidole kwenye kitufe cha kumaliza mtihani. Nilitaka kuinuka niende nikalale chini ya ngozi ya dubu mpaka kiangazi. Nasema kweli kabisa, nilikuwa nimekwisha.

Hapo nikasikia kitu miguuni. Uviluk alikuwa amemponyoka babu yake, akaingia kwa kutambaa chini ya pazia la mlango, akaja mpaka chini ya meza ambako kamera haifiki. Akaweka mikono yake juu ya magoti yangu.

"Binti yangu, unalia?"

Mtu mwingine angemwambia toka. Mtu mwingine angemsukuma kwa mguu na kuita babu yake kwa sauti. Mimi sikuweza. Tangu azaliwe sijamfokea, na koo langu halijui jinsi ya kumfokea mwenye jina lile. Nilitazama skrini mbele yangu, uso umekaza, nikasema polepole:

"Mama, nisaidie. Imebaki kidogo tu."

Nilikusudia kumwomba anyamaze. Lakini maneno yalipotoka niliyasikia, na hayakuwa ya mdomo tu. Nilikuwa nimemwambia Mama.

"Sawa," akasema. "Fanya."

Akalaza kichwa juu ya mguu wangu, akakaa. Nikaandika. Niliandika damu inavyoingia na inavyotoka, niliandika uvimbe wa vifundo, ladha ya chuma mdomoni, kuwashwa kwa ngozi, usingizi unaokuja mchana. Mambo aliyokuwa akinieleza kwenye simu na mimi nikimwambia atapona. Niliandika mpaka sekunde ya mwisho. Nilipofunga kompyuta na kuinama, alikuwa amelala, mdomo wazi, mate kwenye soksi yangu.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya pazia, amefadhaika. "Aliponyoka, Leoni. Nilikuwa namimina chai."

Nikamwambia haina neno.

22 Aprili

Ina neno.

Barua pepe imetoka chuoni. Kwenye rekodi ya mtihani wangu imesikika sauti ya mtu wa pili. Waliipeleka kwa mkalimani, Muinuki mwenzetu wa kisiwa cha Baffin, akafasiri. Mwanafunzi: "Mama, nisaidie. Imebaki kidogo tu." Mtu wa pili: "Sawa. Fanya." Baada ya hapo mwanafunzi ameandika jibu bora kuliko yote ya darasa. Aidha, katika maombi yake ya kujiunga, mwanafunzi alieleza kuwa mama yake alifanya kazi zahanati kwa miaka mingi. Chuo kina shaka kwamba mama wa mwanafunzi alikuwepo chumbani na alimsaidia. Kikao ni tarehe 29. Ikithibitika, nafutwa chuoni na sitapokelewa tena.

Nimemsomea Baba na Shangazi. Shangazi akauliza, "Huyo mkalimani hakuzaliwa na watu?"

"Anajua vizuri, Shangazi. Ameulizwa maneno, akatoa maneno."

Mama asingefasiri hivyo. Daktari alikuwa akiuliza neno moja, yeye anaeleza ukoo mzima, madaktari wanatazama saa zao.

23 Aprili

Nimezungumza na Bi. Dobrowolski, mshauri wa wanafunzi. Ana sauti ya upole na alikuwa ameshasoma faili langu.

"Leoni, mpenzi, hili ni jepesi. Mama yako alishafariki, sivyo? Pole sana. Basi tuma cheti cha kifo na sentensi moja: Mama yangu amefariki, hakuwepo chumbani. Sema ulikuwa unajisemea mwenyewe kwa majonzi. Nimeshaona wakisamehe kwa hilo."

"Na ile sauti ya pili?"

"Ni ya chini sana. Upepo ulikuwa mkali. Wakiona cheti hawataendelea kuchimba."

Darlene naye ameniambia hivyo hivyo. "Tuma cheti, dada. Usijitie wazimu kwa ajili ya watu wale."

Baba alikuwa nje anachonga, miwani imejaa vumbi. Nilimweleza. Akazima mashine.

"Ni kweli alifia Winnipeg," akasema. "Mimi ndiye niliyelipokea sanduku lake uwanja wa ndege."

"Ndiyo, Baba."

"Basi andika. Unataka kuwa nesi, andika." Akaiwasha mashine, akaizima tena. "Ila usiandike mke wangu akiwa humo ndani. Mpeleke kwa Shangazi kwanza."

24 Aprili

Nimempeleka kwa Shangazi. Nimekaa mezani. Nimeandika: Mama yangu. Sikuendelea.

26 Aprili

Bado.

Neno "amefariki" naliweza. Nimeliandika kwenye fomu za serikali na za benki. Neno linalonishinda ni "hakuwepo". Kama hakuwepo, ningebonyeza kile kitufe na kwenda kulala chini ya ngozi. Nimeishi na mtoto huyu miaka mitatu nikimwita Mama kwa heshima ya watu wengine, nikimtafuta Mama kila mahali isipokuwa kwake. Siku niliyomwita kweli, aliitika. Na sasa natakiwa nitie saini kwamba hakuna aliyeitika.

Lakini nauogopa pia ule mlango wa duka. Bila nesi wetu, wanawake wajawazito wa hapa wanapelekwa kusini kujifungua, na wazee wanakufa wakionyesha kwa vidole mahali panapouma. Yote hayo kwa sentensi moja ambayo nusu yake ni kweli.

29 Aprili

Nyuso tatu kwenye skrini: Profesa Whitcombe, mwenyekiti, mwenye nywele nyeupe na sauti ya kikohozi, mwanamke wa ofisi ya mitihani, na Bi. Dobrowolski, aliyekuwa akinikonyeza kwa wema nianze na cheti.

Profesa aliuliza kama kulikuwa na mtu chumbani wakati wa mtihani.

Nikasema ndiyo.

Bi. Dobrowolski akafumba macho.

"Nani?"

"Uviluk. Mama yangu."

Yule wa ofisi ya mitihani akaandika kitu. Profesa akafunua karatasi zake. "Kwenye faili hapa, mshauri wako ameandika kwamba mama yako ni marehemu."

"Ndiyo. Alifia Winnipeg. Mwili wake uko hapa, kwenye kilima nyuma ya kanisa."

"Sasa sielewi."

Nikamwita Uviluk. Aliingia na nguo ya ndani ya sufi na kipande cha mkate mkononi, akapanda mapajani mwangu, akaitazama skrini. "Hawa ni nani?" akaniuliza.

"Ni walimu, Mama."

"Wana njaa?"

Nilifasiri. Nilifasiri kama Mama alivyokuwa akifasiri, sikuacha kitu. Nikawaambia ana jina lake, na jina ndilo mtu. Nikawaambia baba yangu anamwita mke wangu na kumwomba msamaha. Nikawaambia alikuwa chini ya meza, na kwamba sikuweza kumfukuza, maana mama hafukuzwi.

Profesa alivua miwani. "Bi. Leoni, naomba uelewe ninachokuuliza, maana jibu lake lina uzito. Alikusaidia?"

Hapo ndipo pangeweza kuniokoa. Mtoto wa miaka mitatu, angejuaje figo? Sema hapana, ucheke kidogo, na wao watacheka. Nilimwona Bi. Dobrowolski akinisogezea hilo neno kwa midomo.

"Hakuniambia jibu lolote," nikasema. "Lakini nilikuwa nimekata tamaa, nilikuwa nataka kuondoka. Akaniambia nifanye. Kwa hiyo ndiyo, alinisaidia."

Yule mwanamke wa ofisi ya mitihani akainua kalamu. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujaza nafasi yake. "Samahani. Kwenye kumbukumbu niandike nani? Mama aliyefariki au huyu mtoto?"

Nikamjibu kwamba mimi nimeshamwambia jina, aandike anavyoona.

Walipokata, Uviluk aliendelea kuipungia mkono skrini nyeusi.

7 Mei

Theluji imeanza kushuka kwenye paa. Baba ametoboa barafu ya mtaro.

Uamuzi umekuja mchana huu. Udanganyifu haukuthibitika, jina langu halifutwi. Lakini kanuni inasema mwanafunzi awe peke yake, na kwa maneno yangu mwenyewe sikuwa peke yangu. Alama za mtihani zimefutwa zote, hata zile za figo. Nitaurudia Agosti, kwenye ukumbi wa kijiji, mbele ya msimamizi wa nyama na damu. Nafasi yangu ya vuli hii anapewa mwingine. Nikifaulu, nitaanza vuli ya mwakani. Mwaka mzima wa makopo.

Baba alitaka nimsomee barua yote, si matokeo tu. Nikasoma tarehe, nikasoma kanuni. Nikafika mahali palipoandikwa: Mtu aliyekuwepo chumbani: mama wa mwanafunzi, umri miaka mitatu.

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika hivyo. Na mhuri upo."

"Rudia."

Nikarudia. Akaiomba barua, ingawa hasomi lugha ile, akaishika kwa mikono miwili, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani anacheka, mpaka chozi likadondoka juu ya mhuri. Nikamwacha, nikaenda chumbani. Uviluk alikuwa amelala usingizi wa mchana juu ya ngozi ya dubu, mkono mmoja nje. Nilimfunika. Kisha nikakaa sakafuni, nikamlilia kwa sauti yule wa Winnipeg, ambaye sikumwona akigeuka, kwa sababu huyu wa hapa alikuwa amelala na asingeweza kuniambia ninyamaze.